Maji ya Vuguvugu

Bomba la hospitali lilikuwa na adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Ukilifungua linapima maji kwanza, linanyamaza kidogo, kisha linasema kwa sauti ya mwanamke aliyetoka usingizini, "Maji ni ya vuguvugu. Oga salama." Ukiyataka ya moto zaidi, linajifunga. Sista Eliwaza alikuja kulifunga bafuni kwa shangazi Mwanne siku niliyoruhusiwa kutoka wodini, akalikaza kwa spana aliyoitoa kwenye mkoba wa dawa, kisha akatupa masharti.

Nioge nimekaa juu ya kigoda, kizunguzungu kisije kikaniangusha. Maji niyageuzie mgongo, yateremke yenyewe kifuani kutoka mabegani, yasinipige kwa mbele. Mikono isipande kupita mabega, kwa hiyo kwapa na shingo nitaoshwa. Sabuni iwe isiyo na manukato. Dodoki marufuku. Chini ya matiti, kwenye mkunjo, pakaushwe kwa kugusisha kitambaa safi mpaka pawe pakavu kabisa, maana unyevu ndio unaofungua mshono. Na ile ngozi isiguswe na kitu chochote cha moto.

"Kwa nini?" shangazi aliuliza.

"Haipendi, mama."

"Ngozi nayo ina kupenda na kutopenda?"

Sista Eliwaza alirudisha spana mkobani. "Ndivyo tulivyofundishwa," alisema.

Ngozi yenyewe tuliiita ngozi mlezi, jina la hospitali. Ilikuwa nyembamba kama utando wa ndani wa yai, rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, nayo iliwekwa juu ya mishono yangu yote: kuzunguka chuchu, kuteremka katikati, na kule chini kwenye mkunjo. Ilikuwa hai. Asubuhi na jioni niliinyunyizia maji yenye sukari na chumvi, ikala. Nikitulia niliiona inahema, polepole, si kwa mwendo wa pumzi zangu. Kazi yake ilikuwa kufunga jeraha bila kovu, na ikimaliza unaioshea dawa chungu ambayo kila mtu anaiita shubiri, kama ile wanayopaka akina mama kumwachisha mtoto ziwa. Ngozi inaonja uchungu, inaachia, inakufa. Wanawake wengi Tabora walikuwa wamepita njia hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Mimi ni mrina asali. Mizinga siku hizi inajipima uzito yenyewe na kuita ikijaa, lakini nyuki hawajabadilika, na vazi la kuwaendea ni lile lile la kukupika mzima mzima. Nilikuwa nikitoka porini nakuta mkanda wa sidiria umechimba mfereji begani na chini ya matiti pamechubuka, panawasha, panatoa harufu ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Nilivumilia tangu usichana. Nilipomwambia shangazi kwamba nakwenda kuyapunguza, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wenzio wanajaza sponji, wewe unakwenda kugawa," alisema. Kisha akakubali kunilea, kwa sababu ndiye mama niliyebaki naye.

Shangazi Mwanne alikuwa na kazi mbili mtaani. Aliwakanda wazazi, na aliosha maiti wa kike. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Ng'ambo walikuwa wamekandwa na mikono ile baada ya kujifungua: maji ya moto, taulo nzito, uji wa pilipili manga, tumbo limefungwa kwa kanga. Mimi sikuwahi kumpa kazi hiyo. Nilikuwa na miaka yangu thelathini na kitu, sina mtoto, na sikuwa namtafuta. Nadhani hilo lilimkaa moyoni kuliko alivyokuwa tayari kusema.

*

Siku aliyofanya alilolifanya nilikuwa nimemeza vidonge vya maumivu, kichwa kimejaa pamba. Nilikaa kwenye kigoda, nikafungua bomba, likasema maneno yake. Shangazi akaingia na sufuria yenye kifuniko, ameishika kwa vitambaa. Aliichemshia uani, kwenye mkaa. Bomba la hospitali halikuwa na habari na mkaa wa mtu.

"Shangazi, Sista alisema nini?"

"Sista ana watoto wangapi?"

"Mimi si mzazi."

"Umekatwa, hukukatwa? Damu imekutoka, haikukutoka? Unalala chali, huwezi kuinua mkono, unalia ukipiga chafya. Mzazi ni nani basi?" Alichovya taulo, akalikamua, mvuke ukampanda usoni. "Maji ya moto hayachomi nyumba, Nyamizi. Geuka."

Niligeuka. Alinikanda mgongo na, niseme kweli, sijawahi kuguswa vizuri vile. Maumivu yote ya kulala chali yaliyeyuka, vidonge vikanibeba, nikasinzia nimeegemea goti lake. Nilipofumbua macho taulo lilikuwa kifuani.

Ngozi iliacha kuhema.

Nilingoja iheme tena. Badala yake ilivuta, yote kwa pamoja, kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua, kama mtu anayekusanya shuka asubuhi. Haikuuma. Ningefurahi kama ingeuma. Halafu juu yake, upande wa kushoto, yakatokea matone, meupe, madogo, yakajipanga na kuteremka tumboni mwangu.

Shangazi aliweka kidole, akakigusisha ulimini kabla sijamzuia.

"Maziwa," alisema. Hakucheka.

*

Nyumba yetu na ya Kabula zinatumia ukuta mmoja. Kabula alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwezi ule, mtoto mwenye njaa isiyokwisha, na tulikuwa tumeizoea sauti yake kama tulivyozoea majogoo. Kesho yake asubuhi alilia, na mimi nikaloa.

Nilikuwa nimevaa sidiria ya upasuaji, ile ngumu ya kufunga kwa mbele, na juu yake kanga. Vyote vililowa upande wa kushoto. Ngozi ilijikaza kuelekea ukutani, kuelekea ile sauti, na nilipotazama mikono yangu niliikuta imejikunja. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefanya kikombe, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Mkono wa kushoto ulikuwa chini yake unabeba. Sijawahi kumshika mtoto zaidi ya adabu inavyotaka, namshika, namsifia, namrudisha kwa mwenyewe. Lakini mikono ile ilijua uzito. Ilijua hata mahali kisigino kinapokugonga.

Niliogopa. Sina neno jingine. Niliogopa kama mtu anayesikia kiti kinasogezwa kwenye chumba alichokifunga mwenyewe.

Mambo madogo yakafuata. Nilijikuta napima maji ya kuoga kwa kiwiko. Bomba limekwisha kusema ni vuguvugu, na mimi nainama, nachovya kiwiko kwenye beseni, nangoja. Shangazi aliniona. Nilijikuta navuma wimbo bila maneno, wa noti tatu, unarudi mwanzo kila ukikaribia kwisha. Nilimuuliza kama ni wimbo wa kwetu.

"Sijausikia hata kwa mmoja niliyemkanda," alisema. Alikuwa ananifuta kwapa kwa kitambaa chenye maji, mkono wake mwepesi sasa, wa mtu aliyevunja chombo cha watu. "Nyamizi, hapa chini panatoa harufu."

Kwenye mkunjo, pale mshono wa kuteremka unapokutana na mshono wa kulala, maziwa yalikuwa yanakusanyika. Tulikausha, yakarudi. Tuliweka pamba, ikaloa. Jioni mshono ulikuwa umefunguka upana wa punje ya mchele, na ndani palikuwa pekundu. Shangazi ndiye aliyempigia Sista Eliwaza.

*

Sista alinitazama muda mrefu. Alivaa glavu, akagusa ngozi kwa kidole kimoja upande wa kushoto, na ngozi ikakifuata kidole.

"Mwenyewe kaamka," alisema.

"Mwenyewe nani?" niliuliza.

Alikaa kitandani. Alikuwa mwanamke mrefu wa Upareni, mkavu wa maneno, na niliona anapima ni kiasi gani anaruhusiwa kusema, kisha anaamua kutojali.

"Ngozi yote mlezi ni ya mtu mmoja," alisema. "Hospitali zote, mikoa yote. Kulikuwa na mama mmoja, alifanyiwa upasuaji wa titi akiwa ananyonyesha. Jipu. Waliona jeraha lake linajifunga haraka ajabu, wakamuuliza kama kipande kidogo kinaweza kutumika kwa wagonjwa wengine. Akakubali. Wakakiotesha. Kile kikaota kingine, na kingine, hadi leo. Tunamwita Mwenyewe kwa sababu jina lake hatuambiwi."

"Yuko wapi?"

"Alifariki mwaka ule ule, kwa homa. Mtoto hakuwa ameachishwa."

Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikaa chini.

Sista alieleza mengine kwa sauti ya darasani, na nilimshukuru kwa sauti hiyo. Chembe za ngozi ile zilichukuliwa mwilini zikiwa kwenye kazi ya kunyonyesha, na hakuna aliyewahi kuziambia kazi imekwisha. Kwenye baridi zinalala, na zikilala zinaponya. Kwenye joto la kukandwa zinadhani zimerudi nyumbani. Mishipa yake ya fahamu inatafuta ya mgonjwa na kushikana nayo. Haina masikio, ila nikisikia mimi mtoto analia damu yangu inabadilika, na damu hiyo ndiyo inayoipelekea habari.

"Kwa hiyo mle ndani kuna mtu," nilisema.

"Hakuna mtu. Kuna kazi tu, ambayo haikukamilika."

"Kwani mama ni nini zaidi ya hapo?" shangazi aliuliza.

Sista alinieleza yaliyokuwa mbele yangu. Ngozi iliyolala inaoshwa na shubiri bila mgonjwa kuhisi kitu. Hii ilikuwa imeshikana na mimi, ningehisi inavyokufa, na kwa sababu hiyo hawaruhusiwi kuiondoa bila mimi kusema ndiyo. Nisiposema, itaota mizizi. Itanenepa. Matiti yatarudi ukubwa wa mwanzo na kupita, yatakuwa na maziwa daima, wala hakuna daktari atakayethubutu kuyakata tena. Mkunjo hautakauka. Mshono uliofunguka utaendelea kufunguka, na usaha ukiingia naweza kupoteza chuchu, au zaidi.

"Na vazi la nyuki?" niliuliza. Lilikuwa swali la kijinga, lakini ndilo lililonitoka.

"Sahau vazi la nyuki."

Nilipaswa kusema ndiyo pale pale. Nilikuwa nimengoja miaka yote ile niwe mwepesi. Nilifungua mdomo, na ukutani mtoto wa Kabula akaanza kulia, na mikono yangu ikajikunja yenyewe mbele yao wote wawili.

"Naomba nifikiri," nilisema.

*

Nilifikiri kwa siku mbili, na sikuwa nafikiri, nilikuwa nakaa na Mwenyewe. Nilimwonea huruma. Alikubali kipande chake kifunge majeraha ya watu, hakukubali kungojea milele. Kila mahali palipo na mwanamke amelala na ngozi hii kifuani, yeye yupo, amelazwa kwa baridi ili asiulize mtoto yuko wapi. Na mimi ndiye niliyemwamsha, au shangazi, ni mamoja. Ukimwamsha mtu kwenye usingizi kama huo, unamwambiaje arudi kulala?

Nilikuwa nikikaa bafuni muda mrefu kuliko kuoga kunavyohitaji. Maji yalipita mgongoni, bomba lilisema salama yake, na mimi nilimwambia mambo. Nilimwambia jina langu. Nilimwambia kuhusu nyuki. Alitulia nikisema, akahema.

Siku ya pili Kabula alikuja kunijulia hali. Alikuwa msichana wa maneno mengi, amechoka mpaka macho yameingia ndani, na hakujua lolote isipokuwa kwamba nimefanyiwa upasuaji. Aliniwekea mtoto mkononi kama watu wanavyokuwekea mtoto, bila kuuliza, akaenda uani na shangazi kuanua nguo alizokuwa ameanika kwenye kamba yetu.

Nilimshika kushoto. Sikuchagua, alikwenda mwenyewe mahali pake. Alikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na mkojo. Ngozi ilivuta kwa nguvu ambayo haijawahi kuwa nayo, kifua kizima kikaelekea kwake, maziwa yakapita sidiria, yakapita kanga, na mtoto akanusa na kugeuza kichwa na kufungua mdomo. Nilijua kuna vidonge kwenye damu yangu. Nilijua kuna jeraha. Ningeweza kumwondoa, na sikumwondoa. Nilifungua kifungo cha juu.

Mdomo wake uligusa ngozi, mguso mmoja, hata hajapata tone.

Ikakauka.

Niliisikia ikipoa kutoka mahali alipogusa, ikasambaa, ikarudi nyuma mbali naye. Matone yaliyokuwa njiani yalikoma. Mtoto aliguna akatafuta tena, na ngozi ikajikunja kama mkono unavyojikunja ukigusa kitu kisicho chako gizani. Mtoto hakuwa wake. Muda wote ule Mwenyewe alikuwa anaitika sauti ya ukutani akidhani ni yule, na sasa alikuwa amemgusa na kumjua.

Halafu ikaanza kutetemeka. Nilimfuta mtoto mdomo kwa pindo la kanga, nikafunga kifungo, na Kabula aliporudi na nguo zake alimkuta mwanawe analia kwa hasira na mimi nalia pia.

"Yanauma, dada?" aliuliza.

"Yanauma," nilisema.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Mimi si mzazi, na siku ile niliujua. Hakuna mtoto duniani ambaye ningeweza kumpa Mwenyewe atulie. Yule aliyekuwa anamtaka alikwisha kuota meno, akaota mvi labda. Kumweka kifuani kwangu kulikuwa ni kumweka mlangoni, na hakuna atakayekuja. Kabula alipoondoka nilimwambia shangazi ampigie Sista.

*

Sista Eliwaza alileta chupa mbili za shubiri na sindano ya usingizi. Sindano niliikataa. Aliamka nikiwa macho, nilitaka kumuaga nikiwa macho.

"Nitamwosha mimi," shangazi alisema.

"Mama, ni dawa ya hospitali, ina utaratibu wake."

"Utaratibu nieleze, nitaufuata. Lakini kuosha ni kazi yangu."

Alikuwa amejitayarisha. Kwenye beseni kulikuwa na maji yenye majani ya mkunazi yaliyopondwa, na kwenye kisahani karafuu maiti imesagwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kuoshea, lile la kijivu ambalo nilipokuwa mdogo nilikatazwa kuligusa. Sista alivitazama vitu hivyo kimoja kimoja. Aliuliza tu kama maji ni ya vuguvugu. Shangazi alichovya kiwiko.

Nilikaa kwenye kigoda, kanga imenifunika kiunoni. Shangazi alifunga mlango, kwa sababu maiti haoshwi mlango ukiwa wazi, kisha akasimama kidogo, kopo mkononi.

"Sijui kama ni maiti," alisema. "Sijui kama ni mzima. Jina lake hatulijui, na Mungu analijua. Mimi namwosha tu."

Maji ya kwanza yalikuwa ya mkunazi. Aliyateremsha kutoka begani kwangu, upande wa kulia kwanza, polepole, kwa mkono ambao sikuwahi kuuona, si ule wa kukanda. Ngozi ilihema. Aliosha mara ya pili. Mara ya tatu alichanganya shubiri na karafuu maiti, na harufu ikajaa bafu, chungu na baridi, mpaka macho yakatutoka machozi kabla hatujapata sababu.

Iliachia upande wa kulia bila ugomvi. Niliihisi inatoka kwangu uzi kwa uzi, na kila uzi ulikuwa unaniachia kitu kidogo ambacho sasa sina tena: uzito, kisigino, noti ya wimbo. Katikati iliachia. Kushoto haikuachia.

"Mwaga tena, mama," Sista alisema.

Shangazi hakumwaga. Aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na kifua changu, akasema kwa sauti aliyozungumza nayo na wanawake aliowakanda, sauti ya kuwaambia sasa lala, nimeshamchukua. "Mwanao alilelewa, mama. Alikua. Alikula akashiba. Umefanya kazi yako, pumzika."

Hatukujua kama ni kweli. Hakuna kati yetu aliyejua. Lakini nilisikia maneno yale, na nilichosikia mimi alikisikia yeye, na nikajilazimisha kuyaamini kwa mwili mzima ili yamfikie yakiwa ya kweli. Ngozi ilihema mara moja, ndefu. Kisha ikaachia, ikaangukia mikono ya shangazi, na ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, ingeenea kwenye leso.

Nilipiga kelele. Naambiwa hata Kabula alisikia.

Shangazi aliiweka kwenye kipande cha bafta nyeupe, akakikunja. Kwa kanuni ilitakiwa irudi hospitali ikachomwe. Sista Eliwaza aligeukia ukuta akavua glavu, na alikaa akivua glavu zile muda mrefu kuliko glavu zinavyohitaji. Aliporudi kututazama mlango wa uani ulikuwa wazi, na shangazi alikuwa chini ya mkunazi wake, anachimba kwa mwiko wa bustani.

*

Hapo ningependa hadithi iishe. Lakini nilikuwa na jeraha wazi kifuani, urefu wa kidole, na hali ya Tabora mwezi wa kumi ni vumbi na joto.

Sista alinisafisha kwa maji ya chumvi. Alinieleza kwamba naweza kupona kwa pamba na shashi, kama watu wa zamani, kubadilisha asubuhi na jioni, miezi kadhaa, na kwamba katika hali niliyokuwa nayo chuchu ya kushoto isingepona. Huenda homa ingeingia. Aliyasema hayo akiwa ananitazama machoni. Kisha akafungua mkoba, akatoa kibati kidogo chenye ukungu wa baridi, akakiweka juu ya meza kati yetu.

"Hiki kimelala," alisema.

Shangazi alikuwa ananawa udongo mikononi na aliendelea kunawa. Nilitazama kibati. Nilijua kilichomo ni nani. Tulikuwa tumemzika muda mfupi uliopita chini ya mkunazi, tumempa habari za mwanawe, tumemwambia apumzike, na huyu hapa, hajasikia lolote kati ya hayo, hajui hata kama alikufa.

"Nikikataa," niliuliza, "watakifanya nini?"

"Atapewa mgonjwa mwingine."

Ningeweza kukataa kwa heshima yake, na nilifikiri hivyo kwa muda ambao chai ingeweza kupoa. Halafu nilifikiri homa. Nilifikiri mizinga, mabega yangu bila mfereji, vazi jepesi. Nilitaka kupona. Hilo ndilo lililokuwa chini ya yote, na sikuwa na haja ya kulipamba.

"Weka," nilisema.

Kilikuwa baridi sana. Sista alikitandika kwa koleo, akakinyoosha, akakinyunyizia. Baada ya muda kikaanza kuhema.

Siku hizi tunaoga kimya. Shangazi ananikalisha kwenye kigoda, anachovya kiwiko, anamwaga taratibu kutoka begani, ananikausha kwenye mkunjo kwa kugusisha. Sufuria yake kubwa aliigawa. Mshono unajifunga vizuri, Sista anasema hajaona unaofunga vizuri hivi. Hatuimbi, na nikitaka kusema na shangazi namgusa mkono.

Jana tulikuwa hapo, mabega yangu yamelowa, tukasikia upande wa pili wa ukuta mtoto wa Kabula anavuta pumzi, ile pumzi ndefu kabla ya kilio. Shangazi aliniziba sikio moja kwa kiganja, la pili akalikandamiza kifuani kwake, na kwa mkono uliobaki akafungulia bomba mpaka mwisho. Likasema maji ni ya vuguvugu, nioge salama. Maji yakanguruma, mtoto akalia, na sisi tukakaa hivyo hivyo, tukingoja anyamazishwe, ili nisisikie mimi, asisikie yeye.